Sabuni ya Asali na Maziwa

Mama Pindo hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Hata hilo jina lenyewe alilipata kwa sababu ya mdomo wake. Ukimpelekea gauni lililoshonwa na fundi mwingine, hakukuuliza shida yako ni nini. Alishika pindo kwanza, akaligeuza nje ndani, akalitazama kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa, kisha akasema, "Aliyekushonea hii alikuwa amesinzia," na kabla hujajibu alikuwa ameshalifumua. Wateja walinuna. Walisema fundi huyu ana maneno makali kuliko mkasi wake. Lakini walirudi, kwa sababu nguo aliyoishona yeye ilikaa mwilini kama umezaliwa nayo, na kwa sababu, walisema wenyewe, akikwambia umependeza ujue umependeza kweli.

Kilichomtesa ni ngozi. Ilikuwa kavu, viganja vimepasukapasuka, vidole vikawa kama msasa. Akipitisha mkono juu ya satini, nyuzi zilinasa, kitambaa kikatoka mistari kama kimekwaruzwa na paka. Mafuta ya kujipaka asingeweza kuyatumia: tone moja la mafuta kwenye kitambaa cha mtu ni doa, na doa ni ugomvi. Kwa hiyo alikuwa akishona satini huku amevaa glavu nyembamba, analaani kimoyomoyo.

Binti yake, kitinda mimba, alikuwa muuzaji katika duka la vipodozi. Jioni moja alirudi na chupa nene nyeupe, imechorwa asali inayotiririka ndani ya bakuli la maziwa.

"Mama, hii ndiyo dawa yako. Ni sabuni ya maji ya kuogea, ina vitu vya kulainisha ngozi ndani yake. Unaoga, unajisuuza vizuri, basi. Haiachi mafuta."

"Inanukia?"

"Imeandikwa asali na maziwa. Sijaifungua. Wewe jaribu, kisha uniambie ukweli, maana wateja wananiuliza."

"Lini nimewahi kukwambia uongo?"

"Hujawahi," binti alisema, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Hata pale ambapo ningependa."

Asubuhi Mama Pindo aliingia bafuni na chupa yake kama mtu anayekwenda kufungua zawadi. Akabonyeza. Ikatoka nzito, nyeupe, yenye kung'aa, kitu cha kutia hamu kabisa. Akaisogeza puani, macho amefumba, akiingojea asali.

Asali haikuwepo. Haikuwepo hata kwa kuitafuta. Kilichokuwepo ni harufu hafifu, iliyopooza, kama maziwa ya unga ya mtoto mchanga, na nyuma yake kitu kama boksi lililolowa. Alifumbua macho akaitazama ile picha kwenye chupa kama mtu aliyetapeliwa.

"Kumbe asali ni ya kutazama tu," alijiambia.

Lakini alipoipaka mkononi, akapitisha kiganja juu ya mkono mwingine, kiganja kiliteleza. Hakikukwama popote. Akapitisha tena. Mama Pindo, mtu mzima na watoto wake, alisimama bafuni anajipapasa mikono na kucheka peke yake. Ndipo likamjia wazo, na wazo lilikuwa lake mwenyewe, halikuandikwa kwenye chupa wala binti hakulisema. Kwa nini aumwage ulaini wote huu kwenye mfereji? Akajimwagia maji kidogo tu, ya kuondoa povu, akapaka tena mikononi, kwapani na shingoni, akaiacha ikauke yenyewe. Akajifuta kwa kugusagusa. Harufu aliisahau kabla hajamaliza kufunga vifungo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na kwenye kona pazia la kubadilishia nguo. Paa lilikuwa la bati bila dari, na siku hiyo jua liliamka na hasira. Cherehani cha pili kilikuwa cha Fundi Suti, mzee mpole wa nguo za kiume ambaye alikuwa na mafua mwaka mzima. Walikuwa wameshirikiana chumba hicho muda mrefu, wakigawana kodi, uzi na utani.

Mama Pindo alivua glavu akaitandika mezani satini ya samawati iliyokolea. Akapitisha kiganja. Hakuna uzi ulionasa.

"Tazama!" alimwambia Fundi Suti. "Mikono ya msichana hii!"

"Hongera," alijibu Fundi Suti bila kuinua kichwa. "Na uso lini?"

"Shona suruali yako huko."

Saa za kuelekea mchana, Mama Pacha aliingia kuchukua sare za shule za mapacha wake wa kike. Huyu alikuwa jirani mwenye mtaa wote mdomoni: lililosemwa mbele yake asubuhi, jioni lilikuwa limeshapita kila mlango. Sare zilikuwa zimebaki vifungo, akaambiwa akae angoje. Akakaa karibu na meza. Baada ya kitambo kidogo akaanza kujipepea kwa kiganja, kisha akabeba kiti chake akakihamishia mlangoni.

"Joto," alisema.

"Joto kweli," alisema Mama Pindo, huku pasi inafuka mvuke usoni pake.

Mama Maziwa alifika baadaye, mkoba wa kitambaa begani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, mwenye kibanda cha kuuzia maziwa upande wa pili wa barabara ya lami. Hakuwa mtu wa kushonesha nguo. Lakini kesho yake binti yake alikuwa anahitimu chuo cha uuguzi, na mama huyu alikuwa ameinunua ile satini kwa mkono wake, akaikabidhi kwa Mama Pindo kama anakabidhi mtoto.

"Nimepitia nyumbani kwanza kuoga," alisema mara tu alipoingia, kabla hata ya salamu kumalizika. "Fundi, unajua wametwambia wazazi tutakaa mbele kabisa? Mstari wa kwanza! Binti yangu akiitwa, mimi ndiye nitakayesimama kumvalisha ile kofia yao ndogo. Nimekuwa nikijizoeza nyumbani kwa sufuria."

"Kwa sufuria?" alicheka Fundi Suti.

"Kwa sufuria, baba. Nisije nikaivalisha kinyume mbele za watu."

Alibadilisha nguo nyuma ya pazia, akatoka amevaa gauni, akasimama mbele ya kioo. Aligeuka upande, akageuka tena, akajishika kiuno kama anahakikisha ni chake.

Mama Pindo alichukua pini akazibana midomoni, kama kawaida yake. Fundi akiwa na pini mdomoni hapumui kwa mdomo. Anapumua kwa pua tu, na pua yenyewe iko kifuani, kwapani na shingoni kwa mteja. Alimzungushia mikono Mama Maziwa kurekebisha mshono wa mgongoni, na hapo ndipo harufu ilipompiga.

Unaijua chupa ya chai iliyosahauliwa na maziwa ndani, kifuniko kimekazwa, ukaja kuifungua baada ya safari? Ndiyo hiyo. Ilikuwa chachu, nzito, yenye utamutamu mbaya chini yake. Mama Pindo alirudi nyuma, ikapungua. Akainua mkono kurekebisha kwapa la gauni, ikaja kama wimbi. Akapiga goti kupima pindo, ikamfuata huko huko chini.

Maziwa yaliyochacha. Na mbele yake amesimama muuza maziwa. Hakuhitaji kufikiri zaidi ya hapo, wala hakufikiri.

Alizitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kimto cha pini alichofunga mkononi.

"Mama Maziwa, nitakwambia kitu, na usininunie. Satini ikishika harufu haiachii. Mtu akija kujaribu nguo ya satini anaoga kwanza."

Mama Maziwa alimtazama kupitia kioo. "Nimeoga, fundi."

"Basi hukuoga ikatosha. Unanuka maziwa yaliyochacha."

Cherehani cha Fundi Suti kilisimama.

"Mimi nakwambia kwa wema," aliendelea Mama Pindo, kwa maana alikuwa ameshaanza na breki hana. "Kesho unakaa mbele, ukumbi umejaa watu. Huko hawatakwambia. Watahama viti."

Mama Pacha akadakia kutoka mlangoni. "Afadhali umesema, Mama Pindo! Mimi niliisikia zamani, nikaona nisogee kwenye hewa. Nikasema, nikiongea nitaambiwa nina mdomo."

"Mbona mimi sisikii kitu," alisema Fundi Suti taratibu. Ilikuwa namna yake ya kumtetea mtu.

"Wewe? Wewe hata suruali ikiungua husikii moshi!"

"Kweli, pua yangu ni pambo tu. Niliwekewa nisikose pa kuegesha miwani."

Mama Pacha akaangua kicheko. Mama Pindo naye akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, kilikuwa cha utani wa kila siku. Lakini nyuma ya kicheko hicho Mama Maziwa alikuwa ameinamisha uso begani kwake, ananusa. Akanusa bega la pili. Kisha akaingia nyuma ya pazia.

Alipotoka, gauni alikuwa amelikunja vizuri sana, kwa ncha za vidole, amelishika mbali na mwili wake. Akaliweka mezani.

"Liache tu, fundi. Nitaona."

"Utaona nini? Pindo bado."

"Nitaona kama nitakwenda."

Ili kutoka ilimbidi ampite Mama Pacha pale mlangoni. Alipita kiubavuubavu, mikono ameibana mbavuni, asimguse.

"Ukweli unauma," alisema Mama Pacha, akachukua sare zake akaenda nazo.

"Unauma lakini unaponya," alisema Mama Pindo, akarudi kwenye pasi yake na dhamiri nyeupe kama chaki.

Kilichomshangaza ni kwamba harufu haikuondoka. Alifungua dirisha. Alitikisa pazia. Aliichukua ile satini akaizika pua ndani yake, kwapani kabisa, mahali ambapo jasho la mtu hukaa. Ilinuka kitambaa kipya na chaki. Basi.

Alisimama na gauni mkononi. Pua, ikishaanza kazi, haijui kuacha. Mama Pacha alisema aliisikia zamani. Zamani lini? Kiti alikihamisha lini? Alikihamisha kabla. Mama Maziwa alikuwa hajaingia hata mlangoni.

Nje ya chumba kulikuwa na bomba. Mama Pindo alikwenda kunawa mikono, kwa sababu tu mikono ilitaka kufanya kitu. Maji yalipogusa ngozi, ule utelezi wa asubuhi ulirudi chini ya vidole vyake, na harufu ikapanda pamoja nao. Ilipanda nzima nzima, ya chupa ya chai, kutoka kwenye viwiko vyake mwenyewe. Akainamisha uso ndani ya kola. Akaufunika mdomo kwa mkono, akautoa haraka, maana mkono nao ulikuwa unanuka.

Alibaki pale bombani, maji yanatiririka bure. Kama ardhi ingekuwa na mlango, angebisha hodi aingie. Kitu cha kwanza alichofanya, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kupita yote, ni kutazama huku na huku kama kuna mtu amemwona.

Hapakuwa na mtu. Fundi Suti alikuwa anapiga chafya ndani. Kwa pua ile, hata siku ya kiama asingejua. Mama Pacha alikuwa ameondoka akiamini alichoamini. Hakuna aliyejua. Hapo likamjia wazo jingine: atalimaliza pindo kwa kukadiria, ataoga, atalipeleka gauni, atamwambia mama wa watu kwa upole, "Sasa uko sawa kabisa, nenda zako." Mama Maziwa atashukuru. Kila mtu atalala salama. Akafunga bomba akarudi ndani, akajitia hamnazo, akakalia kiti cha cherehani. Akashona mstari mmoja, ukaenda upogo. Akaufumua.

Binti yake alipitia hapo alipotoka kazini, kama alivyozoea.

"Haya mama, niambie. Umeipen—" Akasimama katikati ya chumba. Akakunja pua. "Mama. Hukujisuuza?"

Mama Pindo alimvuta nje kwa kiwiko. "Chupa yako hii ni balaa! Umeniletea aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe." Akamweleza yote, haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu kabla hayajamrukia. Alieleza pini, kwapa, satini, kicheko. Alipofika pale Mama Maziwa alipopita kiubavuubavu, alitazama pembeni.

Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe ndiye uliyeniletea," mama alisema tena, kwa sauti ndogo zaidi.

"Mimi nilikuletea sabuni, mama. Maneno umeyatoa mwenyewe."

Mama Pindo alitazama viganja vyake.

"Ulijuaje kwamba ni yeye?" binti aliuliza. Hakuuliza kwa kusuta. Alitaka kujua tu.

"Anauza maziwa."

Baada ya kulisema alilisikia. Binti aliangalia chini, akasukuma kijiwe kwa kiatu, kama watoto wanavyofanya wazazi wao wakiwatia haya mbele za watu.

Mama Pindo aliingia ndani, akalifunga gauni katika karatasi safi, akatoka. Hakwenda kuoga. Alijua akifika nyumbani, akijisugua, akivaa nguo safi, miguu itagoma kutoka tena. Alijijua.

Jioni ndiyo saa ya biashara kwa muuza maziwa, watu wakitoka makazini na chupa zao na majagi. Mama Pindo alisimama ng'ambo ya barabara kwanza akatazama. Kuna kitu hakikuwa cha kawaida pale. Mama Maziwa, ambaye siku zote alimimina mwenyewe huku akiuliza hali za watoto, leo alikuwa anaweka jagi juu ya meza, kisha anarudi nyuma hadi ukutani. Mteja anajimiminia mwenyewe, anaweka pesa, anaondoka. Ndipo yeye anasogea tena.

Mama Pindo akapiga moyo konde, akavuka.

"Karibu, fundi," alisema Mama Maziwa akiwa ukutani kwake. Shingo yake ilikuwa na mabaka mekundu, na kifua chote, hadi pale kitenge kilipoanzia. Akaona fundi anatazama. "Nimeoga tena. Nimetumia sabuni ya unga, ile ya kufulia. Nikasugua kwa brashi." Alisema hivyo kama mtoto anayeonyesha kazi ya shule. Kisha akashusha sauti, ili walio kwenye foleni wasisikie. "Ninuse, fundi. Uniambie kama imetoka. Wewe ndiye wa kuniambia, maana wewe husemi uongo."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana. Neno moja tu. *Imetoka.* Lilikuwa limefika hadi kwenye meno.

"Hukuwa unanuka," alisema Mama Pindo.

"Nini?"

"Hukuwa unanuka. Ni mimi." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, foleni ikageuka. Akaona basi, na iwe hivyo. "Leo asubuhi nimeogea sabuni mpya, sikujisuuza kwa tamaa ya kulainika, ikanichachia mwilini. Nikaisikia harufu yangu mwenyewe nikakutupia wewe. Na nilikutupia wewe kwa sababu unauza maziwa. Sina sababu nyingine. Nimekuja kukuomba radhi."

Mwanamume mmoja mwenye jagi alicheka puani. Mwanamke wa nyuma yake akampiga kiwiko.

Mama Maziwa hakucheka. "Sogea," alisema.

Mama Pindo akasogea.

"Inua mkono."

Akainua mkono, pale barabarani, mbele ya watu, mtu mzima kama mtoto anayekaguliwa kucha. Mama Maziwa akainama juu ya meza, akasogeza pua karibu na kwapa la fundi, akavuta pumzi. Akarudi nyuma. Macho yalimjaa maji, na haikujulikana kama ni kwa harufu au kwa nini.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Mama Maziwa akalivuta jagi, akammiminia yule mwanamume, kwa mkono wake, akapokea pesa, akamwita anayefuata. Alihudumia watu kadhaa bila kumtazama Mama Pindo, na Mama Pindo akangoja pembeni na kifurushi chake, jua linamshukia mgongoni, harufu inampanda. Watu walipompita walijitenga kidogo. Sasa alijua namna kujitenga kule kunavyokuwa. Hakuna anayesema kitu. Hatua tu inakuwa kubwa kidogo.

"Unajua," alisema Mama Maziwa hatimaye, akifuta meza, "sijaingia kwa mtu bila kuoga tangu nianze kazi hii. Kwa mtu yeyote. Hata nikienda kununua chumvi. Naoga kwanza. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Nilikwambia nilipoingia. Nimepitia nyumbani kuoga, nikasema."

"Ulisema."

"Haya." Akakunja kitambaa chake cha kufutia. "Sasa Mama Pacha. Wale mapacha wake huja na chupa kila jioni, ndio wateja wangu wa kwanza kabisa. Leo hawakuja. Na wa nyumba ya jirani yake hawakuja. Na wa ile nyumba ya kona."

Mama Pindo alikibana kifurushi kifuani.

"Kesho ukumbini mama yao atakuwepo, ana mpwa wake anahitimu. Siwezi kusimama mbele ya watu nimvalishe mtoto wangu kofia, huku nyuma yangu wanazibana pua. Wewe ungeweza?"

"Nisingeweza."

"Nenda kamwambie yeye. Uliyoyasema hapa kayaseme kule. Watoto wakija na chupa leo, kesho nitakwenda. Wasipokuja, gauni hilo liuze."

"Nakwenda sasa hivi. Niache gauni?"

"Liweke pale. Siyo hapo karibu na maziwa, pale!" Na Mama Pindo alipogeuka, akaongeza, "Fundi. Kabla hujaoga."

Nyumba ya Mama Pacha haikuwa mbali, lakini njia ilipita mbele ya kinyozi, mbele ya duka la rejareja na mbele ya benchi ambalo watu hukalia jioni. Siku nyingine Mama Pindo aliipita njia hiyo kichwa juu, akisahihisha kola za watu huku anatembea. Leo alipita pembeni, karibu na ukuta, mikono ameibana mbavuni.

Mama Pacha alifungua geti, uso wote shauku. "Mama Pindo! Karibu ndani. Eti yule..." Akarudi hatua moja.

"Umeisikia," alisema Mama Pindo.

"Kusikia nini?"

"Usinifiche. Umerudi nyuma nimekuona. Ni hii hii ya mchana?"

Mama Pacha alimtazama, akatazama barabarani, akamtazama tena. Alikuwa mbea lakini hakuwa mjinga. Taratibu mkono wake ulipanda ukaziba mdomo. "We! Kumbe..."

"Kumbe mimi. Wakati ulipohamisha kiti mule ndani tulikuwa sisi tu na Fundi Suti. Mama Maziwa alikuwa hajafika. Mimi nimemsingizia, wewe ukaniunga mkono, na tukacheka."

"Mimi nilicheka maneno ya Fundi Suti," alisema Mama Pacha haraka.

"Hata mimi. Yeye alituona tukicheka, hakuuliza ni maneno ya nani."

Mama Pacha aliushika mlango wa geti akauchezea komeo. "Yameisha basi," alijaribu. "Jambo dogo hili. Kesho nitamsalimia vizuri."

"Kesho hatakuwepo. Wewe umeshawaambia wangapi?"

Mama Pacha aliliachia komeo.

"Basi waambie na hili. Lina utamu zaidi, mimi ndiye nimo ndani yake. Waambie fundi mzima ananuka kama chupa ya chai. Sitakukana. Na watoto wape chupa waende. Nakuomba."

Hakuwa mtu wa kusema nakuomba. Labda hilo ndilo lililomshtua Mama Pacha, maana aligeuka akaita, na mapacha wakatoka wanakimbia, mmoja na chupa, mwingine na kifuniko. Walipompita Mama Pindo getini walipunguza mwendo. Wakatazamana. Wakaziba pua kwa pamoja, kwa uwazi kabisa, bila haya.

Waliondoka, naye akawafuata kwa nyuma, kwa umbali, kwa sababu alitaka kuwaona wakifika kwa macho yake. Walipokaribia barabara ya lami walisimama wakamngoja. Yule mwenye kifuniko ndiye aliyeuliza.

"Mama Pindo, eti ni wewe unayenuka?"

"Ni mimi."

"Tumwambie Mama Maziwa?"

Ng'ambo ya barabara foleni ilikuwa bado ndefu, ya watu wengine sasa, na Mama Maziwa alikuwa amesimama mezani pake, shingo imenyooka, anatazama upande wao.

"Yeye anajua," alisema Mama Pindo. "Waambieni hao wa kwenye foleni."